Salamu ya Muuza Vifungo

Jirani yangu wa ghorofani anatengeneza michezo ya simu. Akimaliza kipande kipya anashuka dukani kwangu, hapa Kariakoo, ananipa simu nijaribu, halafu kioo hakiangalii kabisa. Anaangalia vidole vyangu na uso wangu. Akitoka kwenye matamasha ya watengenezaji wenzake ughaibuni, usimuulize habari za maghorofa. Atakusimulia meza aliyopewa, plagi za kule zilizoikataa chaja yake, na nani alicheka alipocheza. Vitambulisho vya shingoni ananiachia mimi, kamba zake nafungia funguo.

Katika mchezo wake mpya yupo mama muuza vifungo, na sauti yake ni yangu. Usipomwamkia kwa mdomo, hakuuzii. Juzi karudi kutoka Ujerumani, begi bado liko begani, ananiambia wachezaji wengi walikwama hapo kwangu, na waandaaji wamemshauri aiondoe salamu ili mchezo uuzike.

"Iondoe tu, mwanangu. Mimi sitanuna."

Akaniwekea video. Mzungu mzee, ndevu nyeupe tupu, kaiinamia simu anaita, "Shikamoo!" Sauti yangu ikamjibu, "Marahaba, mwanangu, karibu." Mwanangu! Mtu wa rika la marehemu baba yangu! Nikaona haya, nikajikuta naiambia simu, "Shikamoo, mzee."

Jirani hakuwa anaangalia video. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Siiondoi, mama," akasema.