Miwani Myembamba ya Mama

Mama alikuwa haoni mbali tangu usichana wake. Miwani yake ilikuwa ya kioo halisi, minene, mizito hata ikamchimba alama mbili puani. Fremu ilipovunjika nikampeleka kwenye duka la miwani mjini, nikiwa nimeshaamua kwamba safari hii tunachukua lenzi nyembamba. Nilichoka kuona watu wakimkodolea macho kanisani.

Mama akiwa bado anapimwa chumba cha ndani, mwenye duka alinieleza taratibu. Lenzi nyembamba zaidi hukunja mwanga kwa nguvu, lakini pia huutawanya zaidi kuliko kioo cha zamani. Mama akitazama kwa pembeni ataona rangi kando ya vitu, bluu huku, manjano kule.

"Kwa macho kama yake, ningechukua ya unene wa katikati," alisema.

Nikajibu atazoea. Mama alipotoka nikamwambia hii ndiyo nzuri kupita zote. Habari ya rangi sikuitaja.

Watu walimsifu, naye akacheka, nami nikafurahi.

Wiki kadhaa baadaye nilifika kwake, mtaa wa Panda, mchana, bila kumwarifu. Nilimkuta uani, miwani mkononi, macho ameyafumba, anapapasa ukuta kutoka jikoni kwenda kwenye bomba.

"Mama, unafanya nini?"

"Minajifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kutembea bila macho." Aliketi kizingitini. "Minaona bluu kando ya mulango, kando ya taa. Dada yangu alianzaka hivi hivi, na rangi ku taa. Kiisha akapofuka."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia si macho, ni lenzi, na kwamba niliambiwa tangu siku ile dukani.

"Weye ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akasema, bila hasira, "Na miye nilikuwa naomba Mungu anipe nguvu ya kuzoea giza." Afadhali angenipiga.

Tulikwenda kwanza kwa daktari wa macho. Akasema hana ugonjwa wowote. Halafu dukani, tukachukua zile za unene wa katikati. Mama alizivaa, akageuza kichwa polepole, akitazama pembe za dirisha moja baada ya nyingine. "Imetoka," alisema. Rangi ilikuwa imetoweka.

Ila nilichelewa kujua jambo moja. Katika wiki zile za hofu, alikuwa amempa jirani yake mjane mashine yake ya kushonea, akidhani haitamfaa tena. Nilitaka kwenda kuiomba.

"Hapana," alisema Mama. "Batoto yake banakula na ile mashini sasa. Utaenda kumwambia nini?"

Sikuenda. Nikipita kwa mjane huisikia ile mashine ikishona. Mjane hunisalimu vizuri sana, hunikaribisha niketi, nami kila mara husema nina haraka.