Biskuti Ambazo Si Chakula

Mama mkwe wangu hajawahi kula mbele yangu, na mimi sijawahi kula mbele yake. Ndugu zangu wa Dar wakisikia hivyo wanacheka. Chekeni tu. Kwetu Wahaya wa zamani, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na mama hali chakula chini ya paa la mkwe wake kama binti yake hayupo. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, wanazirusha mtandaoni, na wala mbingu hazianguki. Lakini wa kwangu ni wa kijiji cha Ijumbi, huko Muleba, amevuka miaka themanini, na kwake sheria ni sheria. Kwa miaka ishirini na saba ya ndoa nimeifahamu fimbo yake na pindo la khanga yake. Uso wake nimeuona kwenye picha ya harusi, basi.

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu wanaotafuta mwanya kwenye sheria, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu anayeishika. Ninachoweza ni kutafuta mwanya, na kwa hilo, Mungu anisamehe, sijambo.

Balaa lilianza mke wangu alipokwenda Dodoma kumhudumia binti yetu aliyekuwa amejifungua. Wiki ya pili ya safari yake, madaktari wa macho wakaja hospitali moja hapa Bukoba kwa siku tano tu, kuondoa mtoto wa jicho. Mama alikuwa haoni tena zaidi ya vivuli. Alimimina chai nje ya kikombe, na masika yaliyopita alitumbukia kwenye mtaro wa kibanja chake mwenyewe, shamba la migomba alilolipalilia tangu usichana. Akapata nafasi ya upasuaji siku ya Alhamisi, akapewa na vidonge vya presha vya kumeza baada ya kula. Jumatatu shemeji yangu akamshusha mlangoni kwangu na kifurushi chake cha nguo, akarudi Muleba saa ile ile kwa sababu ana ng'ombe wa kukamua. Tukabaki watatu nyumbani: mimi, mama mkwe na paka.

Kuishi hivyo kunahitaji utaratibu. Nikitaka kupita ukumbini kwenda bafuni, naimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, ili ajifunike. Yeye akitaka kupita, anagonga sakafu kwa fimbo mara mbili, nami najibanza jikoni kama mwizi wa kuku. Siku ya kwanza niliimba nyimbo nyingi kuliko kwaya nzima siku ya Pasaka.

Jioni ile nikapika ndizi na maharage, nikaacha sahani mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka. Sahani ikakaa pale mpaka ikapoa. Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akaleta pilau iliyonukia mpaka paka akapoteza heshima. Mama akastaajabu kwa Kihaya, akamshukuru kupitia mlango uliofungwa.

"Mawe! Asante sana, waitu, mwenzetu. Mikono ni yako, lakini paa ni la mkwe."

Asubuhi nikanunua chapati. Hapo ikaingia simu. Mama alimpigia mke wangu Dodoma, mke wangu akanipigia mimi niliyekuwa sebuleni, hatua tano kutoka kwa mama.

"Mama anasema asante, ila chapati ni unga, na unga ni chakula."

"Mwambie chapati ni vitafunio vya chai tu."

Baada ya dakika moja simu ikaita tena. "Anasema kwani ugali unapikwa kwa nini? Si kwa unga?"

Tukaenda hivyo, maneno yakisafiri mpaka Dodoma na kurudi, mpaka mke wangu, mwenye kitukuu cha mama yake begani kikimlilia sikioni, akachoka. "Mko nyumba moja! Zungumzeni na paka!" Akazima simu kabisa.

Siku hiyo ya Jumanne tulikuwa na miadi ya kupimwa. Kwenye teksi nilikaa mbele na mama nyuma, kajifunika gubigubi, hata dereva akadhani nampeleka bibi harusi. Hospitalini nikasimama nje ya pazia, nikisikiliza.

"Bibi, presha imepanda sana," nesi akasema. "Vidonge unameza?"

"Simezi. Uliniambia nimeze baada ya kula."

"Na kula?"

Nesi akatoa kichwa nje ya pazia, akaniona nilivyosimama nimeupa chumba mgongo. Ni binti wa kwetu, akaelewa palepale, akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Kisha uso ukabadilika. Akaniambia polepole kwamba Alhamisi asubuhi watapima tena. Presha ikiwa bado juu, hawatampasua, na Ijumaa jioni madaktari wanaondoka. Watarudi lini, yeye hajui.

Niliogopa, nasema wazi. Mzee wa miaka themanini na kitu akikosa nafasi ya mwaka huu, hakuna anayejua kama ataipata ya mwaka ujao. Na angeikosa kwa sababu ya paa langu. Nilijiona nikimrudisha Ijumbi kwenye giza lake, yeye akinishukuru kwa heshima zote kupitia mlango, nikatamani ardhi inimeze.

Tuliporudi nyumbani nikafanya jambo ambalo nesi yule wa presha asilisikie. Kwa mazoea tu, niliweka mlangoni kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, maana mgeni wa Kihaya hakai bila akamwani. Nilipopita tena nikiimba, nikachungulia kikapuni. Punje zimepungua! Mama anamumunya kahawa yangu, chini ya paa langu, bila wasiwasi wowote!

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikawaza kama hakimu. Kahawa si chakula. Ni heshima tu, inaingia mdomoni lakini haihesabiki. Ndizi ni chakula, maharage ni chakula, unga ni chakula, hayo ameyakataa mwenyewe. Basi kitu kisicho na ndizi wala maharage wala unga ni nini? Karanga zingefaa, lakini mama ana meno manne, na hayo manne hayakutani. Ilibidi nitengeneze kitu laini chenye shibe, ambacho hakuna sheria ya Ijumbi inayokitambua.

Jumatano asubuhi nikafungua kabati la mke wangu. Kwa wiki mbili nilikuwa nimelila kabati hilo mpaka likabaki na masalia tu. Nikakuta karanga za kukaanga tulizoletewa kutoka Ngenge, kama vikombe viwili. Nikakuta ufuta kwenye karatasi, nazi kavu aliyotupa jirani siku ya Idi, chupa ya asali iliyoganda chini, iliki chache, na mayai mawili. Pembeni, mfuko wa unga wa ngano ukinitazama. Nikausukuma nyuma kabisa.

Nikachukua kinu nikaanza kutwanga karanga. Jamani, mwanamume wa Kihaya, tena mzee wa kanisa, akitwanga uani mchana kweupe! Jirani akatokeza kichwa juu ya uzio.

"Baba, kuna usalama?"

"Upo. Nafanya mazoezi ya mabega."

"Haya, mabega yanukie vizuri," akasema, akabaki palepale kutazama.

Nikachanganya nusu ya kila kitu, nikafinyanga viduara, nikavipanga kwenye sufuria pana juu ya jiko, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko kama nilivyomwona mke wangu akioka keki. Nilipofunua, viduara havikuwepo. Vilikuwa vimeyeyuka vikawa kitu kimoja, chini cheusi, juu uji. Jirani akacheka mpaka akashika uzio.

"Weka kijiko cha unga kishikamane," akaniambia. "Kimoja tu. Nani atajua?"

Ni kweli, nani angejua? Mama haoni. Nilikuwa nimebakiwa na yai moja na kikombe kimoja cha karanga, na muda unakwenda. Nikaingia ndani, nikauvuta mfuko, nikachota kijiko, nikasimama nacho mkononi muda mrefu kuliko inavyofaa kusema. Kuizunguka sheria ya mtu ni ujanja, na ujanja naupenda. Lakini kumdanganya asiyeona juu ya kitu anachotia mdomoni mwake ni wizi, na kama ni wezi, nimeandika majina yao ya kutosha. Nikaurudisha unga mfukoni, nikajiona mjinga, nikarudi uani.

Safari ya pili nilitwanga karanga mpaka zikatoa mafuta, nikapunguza asali, nikaongeza ufuta na nazi yote iliyobaki, nikauacha mchanganyiko utulie kwanza, nikaweka makaa machache tu. Zikatoka biskuti kumi na mbili. Zilikuwa zimepinda, kila moja na sura yake, lakini zilishikamana. Nikaonja moja. Tamu! Kumi na moja nikaziweka kwenye sinia, nikaenda mlangoni kwa mama. Dodoma ilikuwa imezima simu, kwa hiyo nikamwinua paka.

"Paka," nikasema kwa sauti, "mwambie mama kuna vitu vidogo hapa mlangoni. Si chakula."

Kisha sauti ikatoka ndani, imenyooka kama ya mwendesha mashtaka. "Paka, muulize mwenye nyumba. Kuna ndizi humo?"

"Paka, mwambie hamna."

"Maharage?"

"Hamna."

"Unga?"

"Hamna hata chembe, paka. Naapa." Na nilishukuru, kwa moyo wangu wote, kwamba ningeweza kuapa.

"Hata wa muhogo?"

"Hata wa muhogo."

Fimbo ikagonga mara mbili. Nikajibanza jikoni nikiwa nimembana paka kifuani. Mlango ukafunguliwa, sinia likaburuzwa ndani, mlango ukafungwa. Nikasikia kutafuna, taratibu, meno manne yakitafutana. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu! Karibu nipige vigelegele.

Nikarudi mlangoni nimejaa ushindi. "Paka, mkumbushe mama vidonge vyake."

"Paka," mama akajibu, "mwenye nyumba si amesoma? Nesi alisema nimeze baada ya kula chakula. Na hiki, mwenye nyumba ameapa, si chakula."

Miaka yote ile mahakamani sikuwahi kuona mtu akifungwa kwa kiapo chake mwenyewe vizuri namna ile. Hata paka akaniona wa hovyo, akaruka chini. Machozi ya hasira yakanijia mpaka nikapenga kamasi, hasira kwangu mwenyewe na huo ujanja wangu.

Ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka. Alicheka taratibu, akakohoa makombo, akacheka tena.

"Paka, mwambie asilie. Kwangu mimi si chakula. Kwa kidonge ni chakula. Kidonge hakina mkwe."

Nikasikia maji yakimiminwa, kikombe kikigongana na sinia, na mama akimeza.

Mpaka Alhamisi alfajiri sinia lilikuwa tupu, na vidonge vilikuwa vimemezwa kwa saa zake. Hospitalini nesi akampima mara mbili. "Imeshuka," akasema. "Mpelekeni ndani."

Ijumaa wakamfungua bandeji. Chumba kilikuwa na wazee wanne wengine na ndugu zao. Mimi nilisimama mahali pangu, nimegeukia ukuta, mikono nyuma, kama desturi inavyotaka. Nilisikia plasta ikibanduka.

"Haya, bibi," nesi akasema. "Niambie unaona nini."

"Naona dirisha," mama akasema. "Naona mti, una majani. Naona wewe, umesuka." Nikasikia kitanda kikilia, akageukia upande wangu. "Na pale ukutani naona mwanamume. Nesi, yule ndiye mkwe wangu?"

"Ndiye, bibi."

Nikasikia akinitazama. Sijui mtu anasikiaje jambo kama hilo, lakini nililisikia, kisogoni kabisa, pale ambapo kwa miaka kumi sasa hapajaota kitu. Miaka ishirini na saba, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama kwa makini.

"Nesi," mama akasema, "watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Ndiyo, bibi, husema hivyo."

"Basi niulizie pale ukutani. Zile biskuti alizifikiria kwa kutumia nini?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, wazee wenye bandeji, ndugu zao, hata daktari. Nami nikacheka pamoja nao nikiwa nimeutazama ukuta, machozi yakinitiririka mpaka kwenye kola, na sikuthubutu kugeuka.