Kanda ya Metali Iliyokwenda Kinyala

Biashara ilipoachiwa huru nilikuwa na meza sokoni Tukuyu, nauza kanda tupu za redio kaseti zilizoingia kupitia Tunduma. Za kawaida nilizipanga mbele, za metali, zenye sauti safi na bei kali, nyuma. Asubuhi nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena, maana jirani yangu muuza vitunguu alipenda muziki.

Mteja wa Tukuyu haamini maandishi. Kwa hiyo kila muuza kanda aliweka mezani sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Unaisogeza kwenye utepe. Utepe ukivutwa, basi kanda ni metali halisi. Utepe wowote huvutwa, ila hilo sikuona sababu ya kulitangaza. Na kanda zilikuwa tupu, sumaku haikuwa na cha kuharibu.

Baba yangu, mkulima wa chai kule Kinyala, si mbali na kwetu, alijifunza kipimo hicho mezani kwangu, akaondoka na sumaku moja aliyoidai iwe nyongeza.

Sasa, kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Baba akikohoa tu njiani, mke wangu alishazama migombani. Haja zake zilipitia kwa mama, na mama alikuwa na tabia ya kuzipunguza njiani. Mke wangu aliomba kipande cha shamba kando ya kijito, alime mwenyewe. Kwa baba zikafika salamu. Akaomba tena, zikafika salamu na parachichi. Alikitaka kile kipande kuliko alivyonitaka mimi, na hilo hakunificha.

Nikapiga hesabu. Mila inakataza watu wawili kukutana. Kanda si mtu. Nikatoa ya metali, bora kuliko zote, naye akajifungia jikoni na redio akaongea upande mzima. Nikaipeleka Kinyala, nikamwachia baba nikisema ni maneno ya mkamwana wake, nikarudi sokoni.

Baba, kabla ya kusikiliza, aliona ahakikishe kwanza kwamba mwanawe hakumpunja. Akaisugua kanda kwa sumaku upande huu, akaigeuza, akasugua na wa pili, taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Utepe ule umepakwa unga wa metali, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na sauti ni jinsi chembe za unga huo zilivyoelekezwa. Sumaku ikipita, zote zinaisahau sauti na kuifuata sumaku. Kijito kikafutika, shamba likafutika.

Siku ya gulio akaja mezani kwangu, kavua kofia. Nikajua nimekwisha.

"Nimesikiliza upande mzima," akasema. "Hajasema neno."

"Hata moja?"

"Mvumo tu, mpaka ikakata. Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona mkamwana mwenye adabu namna hii. Wale wa kaka yangu ukiwapa kanda wataimba."

Nikaiona sumaku imechungulia kwenye mfuko wa koti lake, nikaelewa yote. Lakini mteja akisharidhika, humfungulii tena mzigo. Akaniuliza, mtu mwenye heshima hivyo, ana haja gani? Nikajikuna kichwa, nikasema labda, kwa mbali, kile kipande cha kando ya kijito.

"Alime," akasema. "Na umwambie ndaga fijo, asante sana."

Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu. Akauliza kama baba aliisikia ile sehemu ya mbuzi wake kula mboga zetu. Nikasema haisikiki tena duniani.

"Yaani nimeongea mpaka koo likakauka," akasema, "halafu shamba nimepewa kwa kunyamaza?"

Baada ya shamba lile kutoa mavuno ya kwanza, baba akaagiza kanda nyingine. Mke wangu, jembe begani, akasema nimpelekee tupu, asicheleweshwe. Nikachukua ya kawaida, kwani kunyamaza hakuhitaji metali.

Baba aliisikiliza mpaka mwisho, akaja mwenyewe sokoni kunipa jibu.

"Hii ya pili," akasema, "kanyamaza vizuri zaidi."