Tope Kwenye Nyayo za Mama

Mwaka nilioingia darasa la tatu nilipewa kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani kwetu aliyekuwa nayo. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilitakiwa kukagua nyayo za mama yangu.

Aliyenipa kazi hiyo ni bibi, mzaa mama. Alikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, Busisi, enzi hizo watu wakivuka kwa kivuko, aliposikia kwamba binti yake Minza amejifungua mtoto wa kiume na hataki kumtazama. Tulikaa Ilemela, nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa katikati ya mawe, ukifungua mlango wa uani unateremka kijia mpaka ziwani. Baba alikuwa mgodini Geita, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama alikuwa akikata minofu ya samaki kiwandani, mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Baada ya kumzaa Masanja, vyote viwili vilimwishia. Chakula kilipoa mbele yake. Mtoto akilia, yeye alitazama ukuta. Alilala mapema na kuamka hoi, akilalamika mgongo na mabega kama mtu aliyetoka kulima.

Uchovu huo wa kulima ndio uliomshtua bibi.

"Wanamlimisha," alisema, na akafunga dirisha ingawa ilikuwa mchana.

Kwa asiyekulia kwetu, nieleze kidogo. Inasemekana wachawi humtoa mtu kitandani usiku, wakampeleka kwenye mashamba yao, akalima hadi karibu na mapambazuko. Akirudishwa hakumbuki chochote, anabaki na uchovu tu. Wakimzoea sana hawamrudishi tena. Wanabaki naye, wakaacha kitandani gogo la mgomba lenye sura yake, nanyi mnaliuguza gogo mkidhani ni ndugu yenu.

Kwa hiyo kila jioni bibi alimwosha mama miguu kwa maji ya moto na sabuni, akisugua hadi katikati ya vidole. Asubuhi mimi nikague. Nyayo zikiwa safi, amelala. Zikiwa na tope, wamempeleka. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu, nami ndiye niliyelala na mama, maana Masanja alihamishiwa chumba cha bibi.

"Ukiona tope uje uniambie upesi. Na usimwite akiwa amelala, Kabula. Ukimwita naye hayupo, kitakachoitika si yeye."

Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoogopa miguu ile. Niliogopa mama yangu mwenyewe. Nililala ukingoni mwa kitanda nimejikunja, nisije nikamgusa nikakuta ana ubaridi wa mgomba. Asubuhi nilifunua shuka taratibu upande wa chini, nikashika kisigino kwa vidole viwili, nikachungulia. Safi. Nilikimbia kwa bibi kusema "safi", naye alijibu "haya" kwa sauti ya mtu ambaye hajaridhika.

Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi. Nilifunua shuka, nikaona tope.

Lilikuwa jeusi, laini, limeganda katikati ya vidole, na kwenye kidole gumba kimenasa kizizi chembamba cha gugumaji. Leo nikikumbuka kizizi kile najiona mjinga, ingawa nilikuwa na miaka tisa tu. Udongo wa mashamba yetu kule juu ni mwekundu na una changarawe. Tope jeusi lenye gugumaji linapatikana sehemu moja tu, ukingoni mwa ziwa. Mtoto yeyote wa Ilemela angelijua. Lakini nilikuwa nimetumwa kutafuta tope la wachawi, nikaona tope la wachawi.

Nilichofanya baada ya hapo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nililifuta. Nilichukua pindo la gauni langu, nikalilowesha kwa mate, nikafuta kidole kimoja kimoja. Kichwani niliona kwamba nikitamka tu neno "tope", mama atahesabiwa amekwenda, majirani watakuja kukalia majamvi, na mimi ndiye niliyemmaliza. Nilipoinua uso, mama alikuwa macho. Alinitazama nikifuta. Kisha akafumba macho tena.

"Safi, bibi."

"Haya."

Kesho yake tope lilikuwepo, na keshokutwa pia. Nikafuta, nikasema safi. Shuleni sikusikia mwalimu anafundisha nini. Siku ya tatu nilipata akili ya kitoto. Jioni, mama alipolala, nilifunga kipande cha kanga kuukuu kwenye kifundo cha mguu wake, ncha nyingine kwenye wangu. Wakija kumchukua, nilijiambia, watatuchukua wote.

Alfajiri, weupe ukianza kuingia dirishani, mguu wangu ulivutwa.

Nilifumbua macho. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, anafungua fundo. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nilitazama kila kona, na mlangoni, na juu ya kabati. Hapakuwa na mtu. Fundo lilifunguka, akasimama. Hapo ndipo nilipovunja amri ya bibi.

"Mama!"

Aligeuka. Nilisubiri kiitike kile kitu kisicho yeye.

"Lala, Kabula," alisema. Ilikuwa sauti yake.

"Wamekuja kukuita?"

"Nani?"

"Wanaokulimisha."

"Hakuna anayeniita, mwanangu. Nakwenda mwenyewe."

Nilipiga yowe. Nilimng'ang'ania magoti, nikapiga yowe mpaka Masanja akaamka, mpaka bibi akaja akipapasa ukuta. Nilimwaga yote: tope, siku tatu, gauni, uongo wangu. Nilidhani nitachapwa. Bibi hata hakunitazama.

"Amesema nini?"

"Kwamba anakwenda mwenyewe."

Bibi alikaa chini pale pale sakafuni. Alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye sisi wote tuliambiwa alichukuliwa na mamba alipokwenda kuteka maji. Asubuhi ile bibi alilitaja jina lake mara mbili, polepole, akasema naye alikwenda mwenyewe, kisha akanyanyuka, akamfunga mama kitenge, akanibebesha Masanja. Nilidhani tunakwenda kwa mganga. Tulikwenda hospitali.

Tulipokelewa na nesi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bibi alianza na habari za kulimishwa, na nesi hakucheka. Alimwuliza mama kuhusu usingizi, chakula, mtoto, tangu lini. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, unawaza kufa?"

Bibi aliguna kwa hasira. Swali gani hilo la kumwuliza mzazi mbele ya watoto? Lakini mama alikuwa ameanza kulia, machozi ya kwanza tangu azae.

"Kila siku," alisema. "Nafika kwenye maji, nasimama. Kisha nakumbuka huyu ataamka, narudi." Huyu nilikuwa mimi.

Nesi alisema ugonjwa huo unaitwa sonona. Humpata mtu baada ya kujifungua, na wengine huwapata bila sababu inayoonekana. Si uvivu, si ubaya wa moyo, na ule uchovu ni wa kweli kabisa. Mama alilazwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa na vidonge, siku za kwenda kukaa na mshauri na kuzungumza, na amri kwamba asiachwe peke yake. Baada ya wiki moja bibi aliwaka. Dawa gani hii isiyoshika? Nesi akamwambia vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa, avumilie. Tukavumilia huku tumeshika roho mkononi.

Nakumbuka siku niliyojua anarudi. Nilikuwa navaa kwenda shule, akasema kutoka kitandani, "Kabula, hiyo sketi umeikunja au umeitafuna?" Bibi aliyekuwa jikoni alicheka mpaka akakohoa. Miezi ilipopita mama akajiona mzima, akataka kuacha dawa, hospitali ikamkatalia kuacha ghafla, bibi naye akawa mkali kuliko hospitali. Wachawi hakuwaacha. Alisema tu kwamba siku hizi nao wanaogopa vidonge.

Bibi ametutoka. Mama anaishi Busisi, kwenye kiwanja cha bibi. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba radhi kwa kumfutia tope. Akaniambia, "Nilikuwa nakuona. Nilidhani unanionea aibu, hutaki watu wajue. Ndiyo maana nikanyamaza." Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma. Wote wawili tulikuwa tunaficha kitu kimoja, kila mtu akiogopa kwa ajili ya mwenzake.

Mwaka jana nilijifungua binti, hapa Nyegezi ninapoishi. Mama alivuka kwa daraja jipya, akakuta nyumba imepambwa na mimi natabasamu kwa kila mgeni. Asubuhi ya nne niliamka nikihisi mkono kwenye nyayo zangu. Alikuwa ameketi miguuni pangu, amefunua shuka, anakagua. Nyayo zilikuwa safi. Nilikuwa sijatoka nje tangu nirudi na mtoto.

"Zi safi," nikamwambia, nikijaribu kutania.

Hakucheka. Alinishika vidole vya miguu, akaniuliza swali lile la nesi, kwa maneno yale yale.

Nilimwambia ukweli. Alinifunga kitenge, akambeba mjukuu wake, na watu walipokuwa wanafungua maduka sisi tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi la hospitali, tukisubiri kuitwa.