Mfunue Uso

Mjukuu wangu, nakumbuka siku moja ya miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, tulipombeba bibi yako Zaina kutoka kijijini kwetu Mugunga kwenda hospitali ya mji wa Goma. Mama yako alikuwa amezaliwa asubuhi hiyohiyo, mzima, analia kwa nguvu. Lakini damu ya Zaina ilikuwa haikatiki. Gari la wagonjwa lilikuwa huko mjini, na simu ya kuliita hatukuwa nayo. Tulikuwa na ngobi tu, machela yetu ya kusuka, na mabega ya majirani.

Walikuja watatu bila kubembelezwa, mimi nikawa wa nne. Aliyetuongoza ni muzee Sebahire, mfugaji, Mkristo aliyeishi na sisi Waislamu wa asili ya Maniema kama ndugu. Mimi nilikuwa kijana mwenye wivu, na ukitaka kucheka, cheka. Sikutaka watu wa barabarani wamtazame mke wangu katika hali ile. Nikamfunika kitenge toka kichwani hadi miguuni, nikachomeka pindo pande zote, nikajiona mume wa maana.

Tukaenda mbio juu ya mawe ya volkano. Ada ya kwetu ilikuwa kwamba ukikutana na mgonjwa anabebwa, unatua mzigo wako na kupokea mti wa ngobi, unasogea naye mpaka mwingine akupokee. Huulizi ni wa nani. Siku ile hakuna aliyetupokea. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama kando, kimya. Mwanaume mmoja akavua kofia. Sisi tunazidi kuchoka, na mimi moyoni nawalaani wapita njia kwa roho mbaya yao.

Sebahire ndiye aliyeelewa. Akaamuru ngobi ishushwe, akanigeukia.

"Umemufunika kama maiti. Batu banawaza tunaenda kuzika. Umufunue uso."

Nikamfunua. Midomo ilikuwa imepauka, macho yamefumbwa. Nikamwita, hakujibu. Nikamwita tena kwa sauti iliyonitoka hovyo, ndipo akasema polepole kwamba anasikia baridi. Mwanangu, hofu ilinikata maini, na aibu juu yake. Nilikuwa nimemficha hata kwangu mwenyewe, nisijue kama anakufa.

Watu walipoona uso wa mtu aliye hai, mizigo ilishuka chini. Yule wa kofia alikuwa wa kwanza kupokea mti wangu. Muzee hakunitukana. Aliniweka upande wa kichwa cha Zaina.

"Kazi yako ni kuongea naye. Asipokujibu, unatuambia."

Nikaongea njia nzima, upuuzi mwingi, majina ya kumpa mtoto, habari za mbuzi wa mjomba. Alikuwa akijibu kwa neno mojamoja. Mabega yalibadilishana hadi mlangoni mwa hospitali, mengi ya watu ambao sikuwajua wala sikuwaona tena. Muuguzi alimpokea palepale, akatuambia kwamba tungekawia kidogo tu, angekwisha. Bibi yako akapona, akanizalia wengine watano, na kitenge kile alinitania nacho mpaka tukazeeka. Wale watu nawashukuru kila ninaposali, kwa kuwa nyumba hii yote ilivuka juu ya mabega yao.

Sasa wewe unafanya kazi ndani ya ambilansi. Una oksijeni, una king'ora, una simu mkononi, na vinavyokuja kesho vitavipita hivyo. Nafurahi sana. Jifunze vyote, usichoke. Ila mgonjwa uache uso wake wazi, na mmoja wenu aongee naye njia nzima, afanye kazi hiyo tu. Jamaa zake wakitaka kumficha kwa aibu, waeleze kwa upole, nao wanampenda.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote. Mungu akulinde barabarani, na kila utakayemwita jina akuitikie.