Nilipokataa Mwanangu Adungwe Mgongo

Nilimpigia daktari kelele hadi wodi nzima ikageuka. Binti yangu alikuwa na homa kali, shingo imekakamaa, na huyu mdada anataka kumtoa maji ya mgongo! Kwetu mtaa wa Raila kila mtu anajua kwamba ukidungwa hapo hutembei tena.

Daktari aliningoja nimalize, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasuka nywele pale Makina.

"Basi utanielewa, mama. Kamba ya mishipa ya fahamu haifiki chini kabisa. Inakomea hapa." Akanigusa mgongo, juu kidogo ya kiuno. "Kutoka hapo inafumuka kama ncha za nywele ulizosuka, zinaelea kwenye maji. Mimi nadunga chini zaidi, usawa wa mifupa ya nyonga, pale unapofungia leso. Sasa ukichovya zile ncha kwenye maji, halafu upitishe sindano, zitafanya nini?"

Ncha nazichovya kwenye maji moto kila siku. "Zitaipisha," nikasema.

Nikatia sahihi. Walimkunja magoti yakagusa kifua, maji yakatoka tone kwa tone, wakayapima, na dawa ya kumtibu ikajulikana. Leo anaruka kamba nje ya saluni.

Jirani yangu wa mlango wa tatu hupita pale akimtazama. Mwaka mmoja kabla yetu, mwanawe alishikwa na ugonjwa huohuo. Yeye alikataa sindano, na mtoto tukamzika.

Mimi ndiye niliyemwambia akatae.