Ukurasa wa Mwisho wa Bi Gundi

Wasichana wa shule ile walimwita Bi Gundi, naye akaitika. Angekataaje, na vidole vyake vilinata hata Jumapili? Kwa miaka ishirini na mbili alishona vitabu katika chumba cha nyuma ya maktaba, na anayebisha abishe: kitabu kilichopita mikononi mwake ungeweza kumpiga nacho fahali kichwani, fahali akalala, kitabu kikabaki kizima.

Karatasi ikipotea, alitafuta nakala nyingine, akainakili kwa taipureta yake, akabandika. Ila kuna kitabu kimoja kilifika na karatasi ya mwisho imenyofolewa, na nakala nyingine haikupatikana. Kilikuwa kisa cha msichana wa mji uliozungushiwa ukuta, wakubwa wakioga mara tatu kwa siku na watoto wakifa kwa kiu. Msichana kaiba ufunguo wa bwawa. Akifungua, mji utakunywa. Lakini chini ya lango, mferejini, analinda kaka yake wa pekee, na maji hayachagui. Ufunguo umo tunduni, kaka anamwita... na hapo karatasi kwisha.

Mtu mwingine angeandika "ukurasa haupo" akaenda zake kunywa chai. Bi Gundi, aliyeishia darasa la saba na kujihesabia la nane na la tisa kichwani, alikaa akautunga. Msichana wake aliuchomoa ufunguo, akautupa bwawani, akasema: "Wako kwanza, mji baadaye."

Miaka sita wasichana waliulilia ukurasa ule. Waliyaandika maneno yale kwenye majalada ya madaftari, na Bi Gundi akipita koridoni alitembea kama jogoo anayedhani jua limechomoza kwa kuwika kwake.

Asubuhi moja likaja boksi: nakala kumi mpya za kitabu kilekile. Akafungua moja, akakimbilia mwisho. Akasoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

Msichana alifungua.

Aliuzungusha ufunguo huku kaka yake akimwita. Mji ukanywa. Naye akashuka mferejini kumtafuta, akaokota kiatu kimoja. Basi. Hakuna neno la busara wala nini. Kiatu, na maji yakipita.

"Mama yangu!" alisema Bi Gundi. Kisha aibu ikamwasha kuliko upupu. Akachukua kisu cha kazi. Kukata karatasi kumi tu za mwisho, nani angejua? Akakata ya kwanza.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa binti wa kaka yake Bi Gundi, wa kidato cha tatu.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona umepauka kama chaki?"

"Marahaba. Vumbi hilo. Huna darasa?"

"Mapumziko. Nina siri, nikiendelea kuibeba itanipasua." Akapanda mezani, miguu ikining'inia. "Ile mitihani iliyoibwa ofisini. Hakuiba binti wa mfagiaji."

Binti wa mfagiaji alikuwa amefukuzwa kwa wizi huo wiki tatu nyuma. Bi Gundi alimwona akitoka getini, godoro kichwani, mama yake nyuma bado kashika ufagio.

"Wewe umejuaje?"

"Nilimwona aliyechukua. Rafiki yangu, yule tunayelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini. Walimu wameniuliza mara mbili, Shangazi, nikawakazia macho hivi! Wako kwanza, mji baadaye." Akatabasamu, anangoja sifa.

Kisu kilimdondoka Bi Gundi. Akamsukumia ile karatasi aliyoikata.

Binti akasoma. "Hii ni nini?"

"Ndiyo mwisho wa kile kitabu."

"Mwisho wake naujua kama jina langu."

"Ule niliutunga mimi, nikauchapa."

Binti aliitazama taipureta, akamtazama shangazi yake, akairudia taipureta. "Wewe? Wewe huyuhuyu mpika gundi?"

"Mimi huyuhuyu."

"Kwa hiyo yeye... alifungua? Na kaka yake yuko pale chini?"

"Alifungua."

Miguu iliyokuwa ikining'inia ikatulia. "Siku zote nasema nataka kuwa kama yeye," binti alisema polepole. "Kumbe nimekuwa kama wewe."

Bi Gundi alikuwa ametukanwa na wengi, wenye shahada na wasio nazo. Hakuna tusi lililowahi kumwingia vile.

Binti akashuka mezani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mkuu wa shule."

"Rafiki yako watamfukuza."

"Najua!" Alikwisha kushika kitasa cha mlango. "Usiniambie kitu, Shangazi. Utanichapia ukurasa mwingine."

Bi Gundi akakitia kile kitabu cha zamani kwapani, akamfuata. Naye alikuwa na lake la kukiri kwa mkuu: ule ukurasa.

Mlangoni kwa mkuu binti aliinua mkono agonge. Mkono ukakaa hewani. Akageuka, macho yamemjaa, akamtazama shangazi yake. Na Bi Gundi, aliyewagawia wasichana wote neno moja kwa miaka sita, hakuwa na hata nusu.

Kisha binti akagonga.